Kiti Kisichokaliwa: Juu ya Kupima Roboti Igeukayo Motokaa

Katika mwaka 1984 watoto wa Marekani waliuziwa motokaa ndogo ya Kijapani iliyoweza kusimama ikawa roboti. Milango yake iligeuka mabawa, boneti ikawa kifua, na upande wa nyuma ukavutwa ukawa miguu. Aliyefungua mlango kabla ya kuigeuza aliweza kuona ndani yake kiti cha dereva. Kiti kilikuwa kitupu. Hakuna mtu aliyekuwamo katika kasha wa kukikalia, wala maelezo yaliyoandikwa mgongoni pa kasha hayakumtaja dereva yeyote. Yalisema kwamba gari lenyewe ni kiumbe chenye uhai, akili na jina. Wauzaji walisahau kukiondoa kiti, au tuseme hawakujali, maana kukiondoa kungelazimu kuchongwa kalibu mpya, na kalibu ya chuma ni ghali.

Leo vitu hivyo vimekuwa mali. Hununuliwa kwenye minada, huwekwa katika makasha ya kioo, na hupimwa na wajuzi kwa makini kama sarafu za kale zipimwavyo. Mtu asiyezoea huweza kucheka akiona watu wazima wakishindana juu ya kibandiko chenye upana wa kucha. Walakini kazi ya mpimaji wa roboti hizi haina tofauti kubwa na kazi ya mwanahistoria apimaye hati: wote wawili huulizwa kama kitu ni cha kweli, ni cha lini, kimetoka mikono ya nani, na kimeongezwa au kupunguzwa nini njiani. Kwa sababu hiyo kile kiti kitupu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Asili ya kiti ni Japani. Kampuni ya Takara, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1955, ilitoa mwaka 1980 jamii ya vichezeo iitwayo Diaclone, ambayo ndani yake vyombo vikubwa vya vita viliendeshwa na watu wadogo wenye urefu wa kadiri ya sentimita 3, na nyayo zao zilikuwa na sumaku. Mwaka 1982 ikaongezwa jamii ndogo ya Car Robot: motokaa za kweli za barabarani, zikiwa na jina na umbo zinazojulikana, ambazo zaweza kugeuka roboti. Palikuwa na Lamborghini Countach, Lancia Stratos, Porsche ya mashindano, Honda City, na hata Toyota Hilux, gari ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sura yake. Palikuwa pia na Nissan Fairlady Z, ambayo habari zake zitafuata. Katika kila moja alikaa dereva. Roboti haikuwa na nafsi. Ilikuwa chombo, na nafsi ilikuwa ya yule mtu mdogo aliyeketi ndani.

Tena, ustadi wa Wajapani wa kutengeneza motokaa za kuchezea haukuanza na Takara. Mwezi Desemba 1945, miezi michache tu baada ya vita kuu, fundi mmoja aitwaye Kosuge aliuza jipu dogo alilolitengeneza mjini Otsu kwa bati la makopo ya chakula yaliyotupwa na majeshi ya Marekani. Watu walilinunua kwa pupa wakati ambapo chakula chenyewe kilikuwa haba. Baada ya hapo, toka 1947 hadi 1952, bidhaa za Japani zilizopelekwa nchi za nje zilipigwa chapa kwa Kiingereza kwamba zimetengenezwa katika Japani iliyotawaliwa. Chapa hiyo, iliyokusudiwa kuwa alama ya kushindwa, imekuwa leo hati bora ya tarehe: kitu chenye maneno hayo hakiwezi kuwa kimepita mipaka ya miaka hiyo, isipokuwa kimeghushiwa.

Laiti chapa zote zingekuwa nyofu kama hiyo. Katika roboti za Takara kuna tarehe zilizochongwa ndani ya kalibu, na tarehe hizo zimewapotosha wengi. Roboti nyingi za jamii ya Car Robot zina miaka 1980 na 1982; zile ndogo zaidi, zilizotoka katika jamii nyingine ya Takara iitwayo Microman, zina miaka 1974 na 1983. Mtu akiokota moja ya hizo ndogo sokoni na kusoma 1974, hudhani ameshika kitu kilichotengenezwa mwaka huo. Sivyo. Mwaka 1974 ni mwaka jamii ya Microman ilipozaliwa, na 1983 ni mwaka wa haki ya umbo la roboti hiyo. Kitu chenyewe yamkini kilimiminwa 1984 au 1985, pengine Japani, pengine Taiwan, pengine Macau. Tarehe iliyochongwa yatuambia kwamba kitu hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Haituambii ni cha baada ya hapo kwa muda gani. Wanafunzi wa hati za kale wanalijua jambo hili: nakala huchukua tarehe ya asili yake, na nakala ya nakala vilevile.

Ama jinsi motokaa hizi zilivyovuka bahari, mtu anayetajwa kuwa kiungo ni Henry Orenstein, aliyezaliwa Poland mwaka 1923, akaokoka katika makambi ya Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu na mfanyabiashara wa vichezeo. Ndiye aliyeona nini kingeweza kufanywa na magari yageukayo ya Kijapani, akaisukuma kampuni ya Hasbro ipatane na Takara. Hasbro ilikusanya kalibu za Diaclone na za Microman pamoja, ikazipa jina moja, Transformers, yaani wageukaji, na ikawaomba watu wa Marvel wazitungie hadithi. Jim Shooter alitunga msingi wa kisa. Bob Budiansky aliwapa wengi wao majina na tabia. Kitabu cha picha kilitoka 1984, na mwezi Septemba mwaka huo michezo ya televisheni ikaanza.

Haikuwa ajali kwamba jambo hili lilitokea 1984. Katika mwaka 1969 wenye mamlaka ya utangazaji Marekani walikuwa wamelaumu mchezo wa televisheni uliotokana na motokaa za kuchezea, wakiuona kuwa ni tangazo la biashara lililovaa joho la hadithi. Miaka ya mwanzo ya 1980 serikali ililegeza kanuni hizo, na mlango ukawa wazi. Hivyo roboti iliyokuwa chombo Tokyo ikawa mtu New York. Dereva akafukuzwa kazi. Kiti chake kikabaki, kwa kuwa chuma cha kalibu hakisomi hadithi.

Hapa ndipo mpimaji anapoanza kazi, na kwanza huangalia mambo ya mwili wa kitu. Motokaa hizo zilitengenezwa kwa sehemu mbili za asili: zinki iliyomiminwa, ambayo huzipa uzito unaoshangaza mkononi, na plastiki. Zinki hupoteza rangi pembeni palipoguswa sana. Plastiki nyeupe hugeuka manjano, hasa ikiachwa dirishani penye jua, na sehemu zilizopakwa kromu huchubuka. Viungo hulegea. Vibandiko vya karatasi, ambavyo mtoto alipaswa kuvibandika mwenyewe, aghalabu vimekaa upande. Na ajabu ni kwamba kibandiko kilichopinda huongeza imani, maana vibandiko vipya vya kuigiza, ambavyo siku hizi huchapwa na kuuzwa kwa ajili ya warekebishaji, hukaa sawasawa mno. Kuna wanaosafisha plastiki iliyobadilika rangi kwa dawa ya kung'arisha nywele pamoja na mwanga wa jua. Weupe hurudi. Lakini umri umefutwa juu ya uso tu, na wajuzi hawajapatana kama hiyo ni tiba au ni ulaghai. Jambo moja ni wazi: mwenye kuuza kitu kilichosafishwa bila kusema, amesema uongo.

Ushahidi mzuri kupita yote umo katika springi. Roboti za Diaclone za Japani zilikuwa na vyombo vya kurushia makombora madogo, navyo viliyarusha kweli, yakaruka hata upande wa pili wa chumba. Katika Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, mtoto mmoja alikufa kwa kusakamwa na kombora la namna hiyo lililotoka katika kichezeo cha kampuni nyingine. Tangu hapo watengenezaji waliogopa, na Hasbro ilipozileta roboti za Takara, springi zilidhoofishwa hata kombora likawa linaanguka mbele ya miguu ya mwenye kulirusha. Basi mpimaji akibonyeza kitufe na kombora likaruka kwa nguvu, ajua kwamba chombo hicho hakikuuzwa kwa kawaida katika duka la Marekani mwaka 1984, hata kasha lisemeje. Mkono wa sheria umebaki ndani ya springi. Katika matoleo mapya yaliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, hofu hiyo hiyo iliacha alama nyingine: makombora ya matoleo kadhaa yalirefushwa ili yasiweze kumezwa.

Alama nyingine ni ile ya joto. Mwaka 1985 soko lilikuwa limejaa roboti za kuigiza na za washindani, nao Hasbro wakabandika juu ya kila roboti kibandiko cheusi cha mraba ambacho, kikisuguliwa kwa kidole mpaka kikapata moto, huonyesha uso wa kundi la wema au kundi la waovu. Kilikusudiwa kuwa uthibitisho wa uhalali. Kwa mpimaji wa leo kinagawanya miaka: kalibu zile zile zilizotumika 1984 zilichongwa upya kidogo ili kipatikane kishimo cha kukikalisha kibandiko, na kwa hiyo mwili usio na kishimo ndio wa mwanzo. Wauza bandia wanalijua hilo pia.

Kasha na karatasi zake hupimwa kama kitu chenyewe. Mgongoni mwa kila kasha palikuwa na kadi ya kukatwa, yenye maelezo ya tabia ya roboti na mchoro wa nguvu zake uliofichwa katika mistari myekundu, ambao haukusomeka ila kwa kipande cha plastiki nyekundu. Pembeni palikuwa na alama ndogo ambazo mtoto alizikata na kuzikusanya ili aagize vitu kwa posta. Wengi walizikata, kama walivyoambiwa. Kasha lililokatwa bei yake hushuka. Hapa soko lina hukumu ya ajabu kidogo: mtoto aliyetii maagizo yote ya watengenezaji, akageuza roboti mara elfu, akabandika vibandiko, akakata kadi na alama, ameharibu thamani, na aliyesahau zawadi yake juu ya kabati bila kuifungua ndiye aliyeitunza. Kampuni za upimaji za Marekani hufungia vitu hivyo katika kasha gumu la plastiki angavu na kuvipa alama kwa kipimo cha 100. Kitu kilichofungiwa hivyo hakigeuki tena motokaa wala roboti. Kimekuwa picha ya kitu.

Sasa yafaa kuirudia Nissan Fairlady Z, kwa kuwa ndani yake mambo yote haya yanakutana. Katika Japani Fairlady ya Diaclone ilikuwa na rangi ya buluu. Hasbro ilipoichukua iliipa jina la Bluestreak, ambalo neno lake la kwanza ni buluu, na katika picha zilizochapwa kwa ajili ya kuitangaza ilionyeshwa ikiwa ya buluu. Lakini gari lililokuwamo ndani ya makasha lilikuwa na rangi ya fedha. Kalibu ile ile ilitoa pia gari la polisi liitwalo Prowl, na mwaka 1985 gari la mashindano liitwalo Smokescreen. Hivyo palikuwa na jina la buluu, picha ya buluu, na kitu cha rangi ya fedha.

Kutoka pengo hilo yamezaliwa mabishano ambayo hayajaisha. Watu kadhaa, sasa wazee wa makamo, husimulia kwamba utotoni waliikuta Bluestreak ya buluu katika kasha la Kimarekani. Hawana sababu ya kusema uongo, na baadhi yao huapa. Wengine huonyesha kitu chenyewe: gari la buluu, kasha la Bluestreak. Je, ushuhuda huo una uzito gani?

Masimulizi yapimwe kwanza. Mtu aliyeona kasha lenye picha ya buluu mara mia utotoni, na jina lisemalo buluu, aweza baada ya miaka arobaini kuikumbuka buluu iliyokuwa juu ya karatasi kana kwamba ilikuwa mkononi. Si mwongo, kumbukumbu hujaza kiti kilicho kitupu. Upande wa pili hauwezi kupuuzwa hata hivyo. Ni jambo la hakika kwamba katika mwaka ule wa kwanza viwandani mambo yalichanganyika. Vile vigari vidogo viwili, Bumblebee wa manjano na Cliffjumper mwekundu, viliuzwa pia kwa rangi zilizobadilishana. Na katika kadi zao lilionekana mara kwa mara gari la tatu ambalo halikuwa na jina wala hadithi, Mazda Familia ya jamii ya Microman, ambalo Hasbro haikulitangaza kamwe. Wakusanyaji ndio waliolitungia jina baadaye kwa kuunganisha majina ya hayo mawili. Kama gari lisilo na jina liliweza kupenya, kwa nini la buluu lishindwe? Asemaye kwamba haiwezekani amesema zaidi ya ajuavyo.

Lakini tofauti ni kubwa, nayo ni hii: Mazda ile imepatikana mara nyingi ikiwa bado imefungwa katika kadi yake, chini ya plastiki iliyogundishwa kiwandani. Huo ni muungano usioweza kuvunjwa bila kuacha jeraha. Kasha la Bluestreak ni la namna nyingine. Hufunguliwa upande mmoja na kufungwa tena. Ndani yake mna kitako cha kukalisha gari, na Fairlady ya buluu ya Diaclone hukaa humo barabara, kwa kuwa ni mwili ule ule. Yeyote mwenye gari la Kijapani na kasha la Kimarekani aweza kufanya Bluestreak ya buluu kwa muda wa dakika mbili, pasipo gundi wala rangi. Hakuna bandia iliyo rahisi kuliko ile ambayo kila sehemu yake ni ya kweli.

Basi mpimaji mwaminifu, akiletewa kitu hicho, hawezi kuanza na rangi. Huanza na springi: kama kombora laruka kwa nguvu, gari limetoka Japani. Kisha hutazama vibandiko, kama ni vya Diaclone au vina nembo za Hasbro, na kama vimeng'olewa vingine mahali pake, maana gundi huacha kivuli. Hutazama mfuko mdogo wa silaha, kama umefunguliwa. Huuliza kasha lilinunuliwa wapi na lini, na kama kuna risiti au picha ya siku ya sherehe inayoonyesha kitu hicho mkononi mwa mtoto. Picha moja ya familia, yenye rangi na tarehe iliyochapwa nyuma yake na duka la kusafishia filamu, ingekuwa na uzito kuliko viapo ishirini. Na asipopata lolote, huandika kwamba gari ni la kweli, kasha ni la kweli, na ndoa yao haijathibitika. Wauzaji hawaipendi sentensi hiyo, kwa sababu hupunguza bei. Wengine humwendea mpimaji mwingine.

Wakati huohuo vitu vyenyewe havingoji hukumu. Baadhi ya roboti za mwishoni mwa miaka ya 1980 na baada yake, zilizofinyangwa kwa plastiki yenye chembe za kung'aa kama dhahabu, zinamomonyoka zikiguswa tu, hata zile zisizowahi kutolewa kasha. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa dhaifu toka kiwandani. Mjini Rochester, makumbusho ya michezo iitwayo The Strong iliziingiza Transformers mwaka 2024 katika orodha yake ya vichezeo mashuhuri vya taifa. Takara yenyewe iliungana na kampuni ya Tomy mwaka 2006, na kalibu za zamani zimekwisha kutumika tena mara kwa mara kutoa matoleo mapya, ambayo nayo yana kiti.

Wapo wakusanyaji ambao hununua kando, kwa bei isiyo ndogo, wale madereva wa Diaclone wenye sumaku miguuni, kisha humfungulia mmoja mlango wa Bluestreak na kumketisha ndani. Hutoshea vizuri. Mpimaji akikutana na gari la namna hiyo humtoa dereva kwa koleo dogo, humweka pembeni juu ya kitambaa, na humwandikia karatasi yake peke yake.